Mheshimiwa Kwenye Pindo la Kanga

Ukitaka kwenda Kwao, jifunze kwanza kubeba pesa. Pasi, chanjo na picha ndogo za uso wako vitajipa vyenyewe. Nasema hivi nikiwa Katibu wa Chama cha Ujirani Mwema, tawi la mpakani, cheo nilichopewa kwa sababu nina tabasamu lisilochoka. Aliyenitangulia alikuwa na tabasamu zuri kuliko langu, ila alilitumia siku ya msiba wa kitaifa, na tangu hapo hatumwoni.

Kwa msiojua, sisi tunaishi Kwetu. Ukivuka daraja, upande wa pili ni Jamhuri ya Kwao. Waasisi wa nchi hizi mbili hawakuwa watu wa kuumiza vichwa kutafuta majina. Mwisho wa daraja, upande wao, kuna tao la saruji lenye maandishi mekundu: MKATAA KWAO NI MTUMWA. Zamani tulidhani ni methali. Siku hizi ni kifungu cha sheria, na kina adhabu yake.

Kuingia ni rahisi, na anayesema vinginevyo ana lake jambo. Unafika getini, unaikuta picha ya Mheshimiwa Mlezi, kubwa kama ukuta wa ghala, unaiamkia. "Shikamoo, Mheshimiwa." Kisha unasubiri. Picha inaitikia "Marahaba" kwa kipaza sauti kilichofichwa nyuma ya sikio lake la kushoto, na ukishaitikiwa unasogea. Umeme ukikatika unasubiri urudi, maana ni utovu wa adabu kumpita mkubwa ambaye hajakuitikia. Nimewahi kuona msafara wa harusi ukisubiri marahaba mpaka pilau ikachacha. Bwana harusi alioa siku nyingine, na mke mwingine.

Baada ya marahaba unaulizwa swali moja tu: umekuja Kwao kufanya nini? Hapa wageni wanateleza. Usiseme umekuja kutembea, kwa kuwa mtembeaji ni mtu asiye na kazi. Usiseme biashara, kwa kuwa utakuwa umekuja kuchukua. Na hata ukikatwa kichwa usiseme umekuja kumwona mgonjwa. Kwao hakuna wagonjwa. Mheshimiwa Mlezi alitangaza mwisho wa maradhi kwenye hotuba ya mwaka mpya, na hospitali zote zikapakwa rangi upya zikaitwa Nyumba za Afya Njema. Waliomo ndani yake huitwa wageni wa afya. Wengine ni wageni wa muda mrefu.

Jibu sahihi ni hili: "Nimekuja kushukuru." Halina maelezo zaidi, na hakuna aliyewahi kuulizwa anashukuru nini.

*

Sasa tuje kwenye pesa, maana ndiko wengi wanakovunjikia shingo.

Fedha ya Kwao ni noti tupu. Sarafu zilifutwa kwa sababu marefa walikuwa wakizirusha juu kuamua timu ipi ianze, na Mheshimiwa akawa anaanguka kifudifudi mbele ya watu. Kila noti ina uso wake, mbele akitabasamu, nyuma akitafakari. Na kwa kuwa uso wake ni yeye, na yeye ndiye nchi, noti ya Kwao haihesabiki kuwa karatasi. Ni Mheshimiwa mwenyewe, na sheria inamwita hivyo. Haruhusiwi kukunjwa, kukaliwa, kutiwa soksini, kulazwa chini ya godoro, wala kuhesabiwa kwa kidole chenye mate. Mtu wa Kwao hasemi ana pesa. Anasema amefuatana na Mheshimiwa. Akiwa hana kitu anasema Mheshimiwa yuko ziarani. Kwa watu wengi yuko ziarani mwaka mzima.

Njia halali ya kumbeba ni moja. Unamlaza chali juu ya sinia, unamfunika kwa kawa asipigwe na jua wala asipeperuke, unamshika kwa mikono miwili usawa wa kifua. Masinia na makawa yanakodishwa palepale getini na mke wa Mkaguzi. Wahi mapema. Mchana yanabaki masinia yenye harufu ya samaki, na kumlaza Mheshimiwa penye harufu ya samaki ni kesi nyingine.

Fedha za Kwetu haziingii kabisa. Noti yetu ina picha ya ng'ombe, na ng'ombe hawezi kulala sanduku moja na Mheshimiwa. Utabadilisha zote dirishani. Bei ya siku inategemea aliyeko dirishani ameamkaje.

Rushwa Kwao haipo, na kuitoa ni kosa. Ila afisa akilitazama sana sinia lako, ujue amemkumbuka kiongozi wake. Mwache akae naye kidogo. Mfuko wa shati wa afisa ndio mfuko pekee ulioruhusiwa nchini, kwa kuwa uko karibu na moyo.

Mtaniuliza kwa nini mtu asitume kwa simu, maana dunia imeendelea. Huduma hiyo ilikuwepo. Bunge la Kwao liliifuta baada ya kugundua kwamba pesa ya simu haina sura, na kitu kisicho na sura kinachopita kutoka mkono hadi mkono bila kuamkiwa ni uchochezi.

Haya yote yamo katika kijitabu chetu, na mimi ndiye niliyekiandika. Nilimsomea Bi Mwanaheri kila neno.

*

Bi Mwanaheri ni mjane, muuza vitumbua pale sokoni nyuma ya ofisi yangu. Alijaliwa mtoto mmoja tu, Tausi, na Tausi akaolewa Kwao na fundi cherehani aitwaye Shaweji, kijana mpole asiyejua kugombana hata na sindano. Siku ya kumpeleka, mama mtu alinunua doti ya kanga akaikata katikati. Kipande kimoja akamfunga mwanawe, kingine akajifunga mwenyewe. Kanga ilikuwa na jina lake kama kanga zote: MGENI NJOO MWENYEJI APONE.

Asubuhi moja Shaweji alipiga simu. Nilikuwepo, nakula vitumbua kwa mkopo.

"Mama, uchungu umemshika tangu jana. Mtoto kakaa vibaya. Wanasema lazima apasuliwe."

"Basi wampasue, baba. Mnangoja nini?"

"Kupasuliwa ni bure, mama. Ila wanataka asante kwanza. Wanaiita asante ya awali. Iwe mkononi, na isiwe imekunjwa. Mie Mheshimiwa wangu yuko ziarani."

Bi Mwanaheri hakuuliza zaidi. Aliuza jiko, akauza karai na vitumbua vilivyokuwa ndani yake, akakopa kwa wenziwe, akaja kusimama mlangoni kwangu akiwa na noti za ng'ombe kiganjani.

"Katibu, nipeleke."

Nilimpeleka. Njiani darajani nilimfundisha jibu la getini.

"Useme umekuja kushukuru."

"Nimshukuru nani mwanangu, na mtoto wangu anakufa?"

"Usiseme anakufa, mama. Kule hawafi. Sema kushukuru, basi."

Alirudia neno hilo njia nzima, kushukuru, kushukuru, mpaka likamkaa mdomoni. Nilijiona mwalimu hodari.

*

Bahati ilikuwa upande wetu. Umeme ulikuwepo, marahaba ikaja papo hapo. Dirishani alibadilisha fedha zake, na ingawa ng'ombe wengi waliingia na Waheshimiwa wachache wakatoka, walitosha asante. Alikodi sinia na kawa, akawalaza Waheshimiwa chali kama nilivyomwelekeza, akaenda nao mikono miwili usawa wa kifua hadi kwenye meza ya Mkaguzi Ukindu.

Mkaguzi Ukindu ni mtu mnene mwenye sauti ya upole. Alimtazama kwa huruma.

"Umekuja kufanya nini, mama?"

"Kushukuru."

"Vizuri sana. Pasi."

Hapa naomba ndugu msafiri usimame, ufikiri. Pasi ya Bi Mwanaheri ilikuwa kifuani, ndani ya gauni. Mikono yake yote miwili imeshika sinia. Kuliweka sinia chini ni kumweka Mheshimiwa chini. Kulipandisha kichwani ni kumbeba kama kuni. Kunipa mimi nimshikie ni utoroshaji wa fedha, na tungeozea ndani wote wawili. Wataalamu waliotunga utaratibu huu walisoma ng'ambo, na sina shaka walilifikiria jambo hili, ila jibu hawakuliandika popote.

"Pasi, mama. Nyuma yako kuna watu."

Basi mkono wake ukafanya kile ambacho mikono ya wanawake wa Kwetu hufanya bila kuuliza kichwa. Ukawachukua Waheshimiwa, ukalibana sinia na kawa lake kwapani, ukawakunja, ukawatia kwenye pindo la kanga, ukakaza fundo. Kisha ukaingia kifuani ukatoka na pasi, ukamnyooshea Mkaguzi. Yalikwisha kabla sijafungua kinywa.

Mkaguzi hakuipokea pasi. Alikuwa analitazama fundo.

"Mama, hapo pindoni pana nini?"

"Hela, mwanangu."

"Kwenye hela kuna nani?"

Bi Mwanaheri aligeuka akaonyesha kwa kidevu. "Yule baba wa pale ukutani."

"Na umemfanya nini?"

Yule mama hakuwa amezoea kusema uongo. Akajibu kama mtu yeyote anayejua Kiswahili angejibu.

"Nimemfunga."

Foleni nzima ilinyamaza. Hata feni iliacha kuzunguka, ingawa hiyo ilikuwa umeme.

*

Nyuma ya meza ya Mkaguzi Ukindu kuna misumari mitatu na kofia tatu. Ya kijani ni ya ukaguzi, ya bluu ni ya kuendesha mashtaka, nyeusi ni ya hakimu. Kwao wameona hii inapunguza msongamano wa kesi. Aliagiza geti lifungwe. Bi Mwanaheri akaamriwa aivue kanga, akabaki na gauni lake la sokoni, na kanga ikatandazwa mezani fundo likiwa juu.

Mkaguzi akavaa kofia ya bluu.

"Mshtakiwa, inadaiwa kwamba leo, hadharani, ulimfunga Mkuu wa Nchi bila kumfikisha mahakamani, mahali pasipo hewa wala mwanga." Akainama akanusa. "Pamoja na unga wa mchele."

"Mwanangu, mie nimefunga hela tu. Mtoto wangu yuko hospitali, anataka kupasuliwa."

"Andika," Mkaguzi alimwambia mlinzi. "Amekiri kufunga. Vilevile ametaja hospitali, kitu ambacho hakipo. Mama, kufunga huku ulijifunza wapi?"

"Kwa mama yangu. Naye alijifunza kwa bibi."

"Andika. Ukoo wa wafungaji."

Akaisogeza kanga karibu na macho, akalisoma jina lake kwa kidole, herufi baada ya herufi. Alipofika mwisho alirudi mwanzo.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone. Apone nini?"

"Ni msemo tu, baba. Wahenga."

"Mgeni ni wewe. Mwenyeji ni sisi. Nakuuliza tupone nini? Nani amekwambia Kwao kuna mtu anaumwa?"

Bi Mwanaheri alinitazama. Mimi nilitazama kiatu changu. Kijitabu chetu hakikuwa na sura inayohusu maandishi ya kanga.

Kofia nyeusi ikavaliwa. Hukumu ilikuwa fupi: mshtakiwa ana hatia ya kumfunga Mheshimiwa, na ya kumfunga ndani ya uchochezi. Adhabu itatajwa baadaye. La kwanza ni kumtoa Mheshimiwa.

Yule mama alipumua. Kwa mara ya kwanza tangu tufike alionekana kuelewa jambo.

"Basi ngoja nimfungue, baba. Ni fundo moja."

Akanyoosha mkono. Walinzi wawili wakaelekeza bunduki kwenye ule mkono.

"Ukimfungua wewe," Mkaguzi alisema kwa upole uleule, "utakuwa umemtorosha mfungwa. Utaongezewa."

"Basi mfungue wewe."

"Mimi ndiye niliyethibitisha kwamba amefungwa. Nikimfungua kienyeji, kwa vidole vyangu hivi, itaonekana kufungwa kwake lilikuwa jambo dogo. Kiongozi hafunguliwi hivyo, mama. Kuna itifaki. Nimeshapiga simu mji mkuu."

Lile fundo lilikuwa palepale mezani. Mtoto anayejifunza kufunga kamba za viatu angelifungua. Tulikaa tukilitazama, mimi, Mkaguzi, walinzi na mwenye fundo lake, na hakuna aliyeligusa.

Simu ya Bi Mwanaheri ikalia. Mkaguzi akamruhusu apokee, kwa kuwa anayelipa ni mpigaji.

"Mama, uko wapi?" Sauti ya Shaweji ilitufikia sote. "Wanasema asante haijafika."

"Nipo getini, baba. Barabara ya kuja huko naiona kwa macho yangu."

"Anakuulizia."

"Mwambie nimeshafika. Mwambie mama ameshafika, aniangalie mlangoni."

Nilimchukia Ukindu wakati ule kuliko nilivyowahi kumchukia binadamu. Nataka hili lijulikane, kwa sababu usoni kwangu halikuonekana. Tabasamu langu lilikuwa palepale, na ndilo linalonilipa mshahara.

*

Ngojangoja huumiza matumbo, na siku ile liliumizwa tumbo la mtu ambaye hata hakuwepo pale. Jua lilikuwa limeshapinduka Waziri wa Ukombozi alipowasili, na bendi ya tarumbeta, kwaya ya akina mama waliovaa sare, na zulia jekundu lililotandikwa kutoka mlango wa gari lake hadi kwenye meza yenye kanga. Watumishi wote wa mpakani walipangwa mistari. Wale waliokuwa foleni nao walipangwa, wakapewa bendera za karatasi, wakarudishiwa foleni yao baadaye.

Waziri alilitazama fundo akafuta machozi. Kisha akakohoa, akashika kipaza sauti.

"Ndugu wananchi! Historia imejaa viongozi waliofungwa na mabeberu, wakafungwa na wakoloni, wakafungwa na wasaliti. Lakini ni kiongozi gani, nauliza ni kiongozi gani, aliyewahi kufungwa na muuza vitumbua akatoka akiwa bado anatabasamu? Wengine wameonja kifungo wakatoka wamepinda. Wetu ameonja pindo, na atatoka amenyooka!"

Kwaya ikaimba wimbo ambao ulikuwa umeshatungwa garini. Waziri alivaa glovu nyeupe, akalishika fundo. Halikufunguka. Glovu ziliteleza. Akajaribu tena, jasho likimtoka, tarumbeta zikirudia ubeti uleule, mpaka Bi Mwanaheri akashindwa kuvumilia.

"Vuta ile ncha ya chini, baba. Hiyo. Sasa sukuma."

Fundo likafunguka. Watu wakapiga vigelegele. Waheshimiwa wakatolewa mmoja mmoja wakalazwa juu ya mto wa mahameli, na hapo shangwe ikafifia, kwa sababu kila mmoja wao alikuwa na mkunjo unaokatiza paji la uso mpaka kidevuni.

Mtaalamu wa afya aliyefuatana na msafara aliwachunguza kwa kioo cha kukuzia. Alitikisa kichwa. Mkunjo umeingia ndani, alisema. Wanahitaji pasi, na si ile ya kusafiria. Pasi za nchini hazifai, umeme wenyewe mnaujua. Itabidi Mheshimiwa apelekwe nje kwa matibabu.

Hakuna aliyeshtuka. Nchi isiyo na wagonjwa ina desturi ndefu ya kupeleka watu nje kutibiwa. Palepale liliundwa jopo la kusafiri naye, Waziri, mke wa Waziri, Mtaalamu, na Mkaguzi Ukindu akiwa shahidi, na posho zao zikasomwa kwa sauti ili wananchi washangilie. Zilishangiliwa.

Bi Mwanaheri alipiga magoti kwenye zulia.

"Mheshimiwa Waziri, niachieni hao hao. Hata na mikunjo yao. Ni asante ya mwanangu."

Waziri aliinama akamshika bega, na wapiga picha wakapiga. "Mama, mgonjwa anyimwe matibabu kwa ajili ya asante?"

"Na wangu je?"

"Wako haumwi, mama. Yuko Kwao."

Simu ikalia tena. Bi Mwanaheri aliiweka sikioni akiwa bado amepiga magoti, akasikiliza. Mkono wake ukashuka kiunoni kutafuta pindo la kuitia ile simu, kama alivyozoea, na pindo halikuwepo. Akanipa mimi, nikajitaja. Nilisikia mwanamume analia, na nyuma yake mtu akimwambia asipige kelele, hii ni Nyumba ya Afya Njema.

"Amekwenda, Katibu," Shaweji alisema. "Yeye na mtoto."

*

Nieleze kwa ajili ya wasafiri kwamba karatasi ya Tausi haikuandikwa amekufa. Iliandikwa amehama.

Waziri alipoarifiwa aliguswa sana. Palepale, kwa niaba ya Mheshimiwa, alitangaza msamaha. Bi Mwanaheri alifutiwa makosa yote, la kufunga na la kanga, kwa sharti dogo tu kwamba ashukuru redioni. Akaletewa kipaza sauti. Nchi nzima ilikuwa inasikiliza.

Alisimama akiwa na gauni lake la sokoni. Alisema taratibu, bila kulia.

"Namshukuru Mheshimiwa. Yeye amefunguliwa. Mwanangu ndio kwanza anafungwa, anafungwa sanda."

Redio ilirusha maneno mawili ya mwanzo. Mengine yalifunikwa na tarumbeta, kisha ikasomwa taarifa ya bei ya pamba.

Baada ya hapo aliomba jambo moja, aende akazike. Mkaguzi Ukindu, ambaye alikuwa ameshaanza kufunga mizigo ya safari, aliichukua ile pasi aliyokuwa hajaipokea tangu asubuhi, akaifungua.

"Mama, uliniambia umekuja kufanya nini?"

Neno nililomfundisha mimi lilikuwa mdomoni mwake na lilikataa kutoka.

"Kushukuru," Mkaguzi akamsaidia. "Na umeshashukuru. Nchi nzima imesikia." Akapiga muhuri wa kutoka.

Tulirudi darajani kwa miguu. Kanga haikurudishwa, ni kielelezo, imewekwa ndani ya kioo katika jumba la makumbusho la mji mkuu, chini ya maandishi GEREZA LA PINDO. Nyuma yetu bendi ilikuwa bado inapiga. Tausi alizikwa alasiri ileile, na mama yake alikuwa upande huu wa mto, anasikia tarumbeta tu.

*

Nimalize kwa habari njema, maana kijitabu cha wasafiri hakipaswi kumwacha mtu na huzuni.

Siku ile imefanywa sikukuu. Inaitwa Siku ya Kufunguliwa. Mheshimiwa alirudi kutoka kwenye matibabu amenyooka kabisa, ingawa idadi yake ilikuwa imepungua njiani, na sasa kila mwaka geti linakuwa wazi kwa majirani wote tangu asubuhi mpaka jioni. Huulizwi umekuja kufanya nini. Hulazimiki kubadilisha fedha, wala kukodi sinia. Kama unataka kuijua Kwao bila gharama, nenda siku hiyo.

Mwaka jana tulikwenda na msafara mkubwa wa chama chetu. Bi Mwanaheri alikuja nasi. Hakuimba, hakupokea bendera. Alishika ile barabara inayoonekana kutoka getini, Shaweji akampokea, akampeleka makaburini. Sisi wengine tuliangalia maigizo ya watoto wa shule. Mtoto mmoja alikuwa Fundo, na wenzake walimpiga mpaka akafunguka.

Jioni tulipanga foleni ya kutoka. Bi Mwanaheri alikuwa mbele yangu. Alikuwa amejifunga kanga, MGENI NJOO MWENYEJI APONE, kile kipande cha pili, cha Tausi. Shaweji alikuwa amemtunzia. Na kwenye pindo palikuwa na fundo.

Mkaguzi Ukindu siku hizi ana kofia nne, ya nne kapewa kwa kazi ile. Aliliona fundo kabla hajamwona mwenye fundo. Alisimama, akavaa glovu nyeupe ambazo kila kituo kimegawiwa, akalifungua mwenyewe. Alikuwa amejifunza ncha ya kuvuta.

Ulikuwa ni udongo. Udongo mwekundu, konzi moja, bado una unyevu. Ukindu aliumwaga kiganjani akaugeuzageuza, akautazama mbele, akautazama nyuma. Mimi niliagizwa na chama kutabasamu siku nzima, na pale uso wangu ulinishinda.

"Huu hauna sura ya mtu," Mkaguzi alisema, akamrudishia. "Pita tu, mama."

Bi Mwanaheri aliupokea wote, hata ule uliobaki kwenye mikunjo ya glovu aliukung'uta ukaingia kiganjani mwake. Akautia pindoni, akakaza fundo, akavuka daraja.